Mke wa Mheshimiwa Aliahidi Vyerehani: Tumdai Nani?

Barua nne za toleo hili zimetoka Nyanda za Juu Kusini, na ingawa waandishi wake hawajuani, zote zinahusu mtu wa aina moja: mwenza wa kiongozi, anayeketi meza kuu bila kuwa na cheo kilichoandikwa popote. Tumezifupisha kidogo na kuficha majina, kama waandishi wenyewe walivyoomba.

*Ndugu Mhariri, mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kumi na wanane hapa Mbeya. Tunashona sare za shule na kufuma masweta, maana baridi ya huku mnaijua. Mwaka juzi tulimwalika mke wa kiongozi mmoja awe mgeni rasmi siku ya kuzindua kikundi. Tulichangishana shilingi 180,000 kwa ajili ya chakula, turubai, na doti mbili za kitenge tulizonunua Mwanjelwa ili kumvisha. Risala yetu ilipokwisha kusomwa, alisimama akaahidi vyerehani sita, nasi tukapiga vigelegele. Tulihamisha magunia ya mkaa yaliyokuwa chumbani ili kupata nafasi, na fundi seremala akatutengenezea meza sita kwa mkopo. Baada ya miezi minne mumewe akahamishwa. Tukipiga simu anapokea kijana na kutuambia mama yuko kikaoni. Ahadi hii tuidai kwake, kwa mumewe, au kwa aliyeshika nafasi ya mumewe?* — Mwenyekiti wa kikundi, Mbeya

Mama mwenyekiti, barua yako nimeisoma mara mbili, na hizo meza sita zisizo na kitu juu yake ndizo zilizonikaa moyoni. Nianze na jibu gumu: kwa njia ya kisheria hamna wa kumdai. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 inamtaja Rais, Makamu wa Rais, Waziri Mkuu, mawaziri, hata wakuu wa mikoa, na inaeleza kazi za kila mmoja. Mke au mume wa yeyote kati yao haikumpa kazi. Asiye na ofisi hana fungu katika bajeti, na asiye na fungu hana wa kumkabidhi deni anapoondoka. Kiongozi aliyeshika nafasi ya yule mume alikabidhiwa majalada, magari na miradi ya ofisi. Maneno aliyoyasema mke wa mtangulizi wake chini ya turubai lenu hayakuwamo katika makabidhiano hayo, wala hayakupaswa kuwamo. Tena, kwa kanuni ya jumla ya Sheria ya Mikataba, ahadi ya zawadi ambayo upande wa pili haukutoa kitu ili kuipata haidaiwi mahakamani. Kitenge mlichomvisha kilikuwa heshima, hakikuwa malipo.

Hata hivyo, deni la uungwana lipo, na la uungwana hudaiwa kiungwana. Acheni simu. Mwandikieni barua ya ukurasa mmoja, kwa jina lake, mkiambatanisha nakala ya ukurasa wa daftari la mihtasari ulioandikwa siku ile (naamini katibu wenu aliandika, kama hakuandika, hapo pana kosa lenu), na mwulizeni swali moja tu: ahadi ile bado ipo, au kikundi kijipange kwa njia nyingine? Mtu hukwepa simu kwa urahisi, lakini barua yenye tarehe na mhuri wa kikundi humsumbua. Wakati mkisubiri jibu, fikeni kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata yenu. Kila halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kilichosajiliwa, chenye katiba, akaunti na meza sita tayari, hakiendi pale kama ombaomba. Ofisi ya SIDO nayo ipo hapo hapo Mbeya, na kuwashauri wajasiriamali wadogo kuhusu mashine ndiyo kazi yake ya kila siku.

Sasa niseme lile ambalo barua yako haikuliuliza. Mlikuwa na mgeni yule kwa saa nzima, na risala yenu, kwa jinsi ulivyoieleza, ilimwomba vitu ambavyo hana. Mke wa kiongozi hana ghala la vyerehani. Alicho nacho, na ambacho ninyi hamna, ni kwamba jioni anakula meza moja na mwenye kalamu. Risala ingeweza kumwomba aulize kwa nini mikopo ya halmashauri inachelewa, ni vikundi vingapi vya kata yenu vilivyopata mwaka uliopita, na kwa nini zabuni za sare za shule hazibandikwi mahali ambapo mama mshonaji anaweza kuzisoma. Hayo hayamgharimu hata senti. Nasema aulize, sisemi aagize. Akianza kupiga simu ili zabuni iende kwa kikundi kilichomvisha kitenge, atakuwa ametoka kwenye utetezi na kuingia kwenye upendeleo, na kikundi cha kata ya jirani kitakuwa na haki ya kulalamika.

*Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Iringa. Katika mjadala wetu darasani wengine walisema mke wa Rais analipwa mshahara, wengine wakasema taasisi wanazoanzisha ni za serikali. Ukweli ni upi, na desturi hii ilianza lini?* — Mwanafunzi, Iringa

Wote mliteleza kidogo, lakini mjadala wenyewe ni mzuri. Mwenza wa kiongozi si mtumishi wa umma kwa sababu ya ndoa yake. Ulinzi, usafiri na itifaki anavipata kwa sababu ya nafasi ya mwenzake. Cheo cha utumishi hana. Taasisi anayoianzisha ni asasi ya kiraia kama nyingine, inayosajiliwa kwa sheria zile zile zinazosajili asasi ya vijana wa Kihesa, na shirika lililo chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002 linatakiwa kuwasilisha taarifa zake za mwaka kwa Msajili, hata kama picha ya mwanzilishi wake inatundikwa kila ofisi.

Historia yake inaeleza mengi kuhusu nchi yetu. Mama Maria Nyerere, mwalimu kwa taaluma, aliendesha duka dogo Magomeni katika miaka ya kupigania uhuru, mumewe alipoacha ualimu ili aifanye kazi ya TANU. Halafu likaja Azimio la Arusha mwaka 1967, na hapa ningependa ukatafute maandishi yenyewe maktaba, kwa sababu masharti ya uongozi yaliyomo yalisema wazi kwamba kiongozi ni mtu pamoja na mkewe, au mwanamke pamoja na mumewe. Maana yake, kiongozi aliyekatazwa kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili au kumiliki nyumba ya kupangisha, hakuweza kuviandika kwa jina la mke akajiona amepona. Kwa hiyo mara ya kwanza mwenza wa kiongozi anatajwa kwa uzito katika siasa zetu, anatajwa kwa kuzuiwa. Wanaodhani kwamba jambo hili lilianza na mikutano ya hisani wamelianzia katikati.

Masharti hayo yalilegezwa kwa Azimio la Zanzibar mwaka 1991, uchumi ukafunguliwa, vyama vingi vikaja, na ndipo sura ya pili ilipoanza. Mama Anna Mkapa alianzisha Mfuko wa Fursa Sawa kwa Wote mwaka 1997, ukajikita kwa wanawake wajasiriamali wadogo, ambao wengi wao walionekana na mabanda yao kwenye maonyesho ya Sabasaba. Mama Salma Kikwete, naye mwalimu wa miaka mingi, alianzisha Taasisi ya Wanawake na Maendeleo, WAMA, mwaka 2006, iliyojulikana zaidi kwa kusomesha wasichana na kwa kampeni za afya ya mama na mtoto. Zanzibar sasa hivi Mama Mariam Mwinyi ana taasisi ya Zanzibar Maisha Bora, ambayo wakulima wa mwani ni miongoni mwa wanaohudumiwa nayo. Kwa bara zima la Afrika, wake wa marais waliunda umoja wao wa kupambana na Ukimwi mwaka 2002, na mwaka 2019 wakaupanua uwe wa maendeleo kwa ujumla.

Kuna jambo moja ningependa mlirudishe darasani. Mwaka 2017 Mama Salma Kikwete aliteuliwa na Rais Magufuli kuwa mbunge, na mwaka 2020 akagombea na kushinda jimbo la Mchinga, mkoani Lindi. Nchini Uganda, Janet Museveni alichaguliwa kuwa mbunge mwaka 2006, kisha akawa waziri wakati mumewe akiwa bado Rais. Hizi ni hali mbili tofauti, na sikubaliani na wanaozichanganya. Aliyekuwa mke wa Rais anaposimama jukwaani kuomba kura baada ya mumewe kuondoka madarakani, wapigakura wana nafasi ya kumkataa. Anapoingia baraza la mawaziri linaloongozwa na mumewe, swali la nani atamkosoa waziri huyo kikaoni halikwepeki, hata awe mchapakazi kiasi gani.

*Ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, Wilaya ya Kilolo. Kata yetu inaandaa siku ya lishe na kamati imeamua kumwalika mke wa kiongozi awe mgeni rasmi. Nimeambiwa niandae maneno atakayoyasema. Sijui niandike nini zaidi ya kuwahimiza akina mama wale mboga za majani.* — Mhudumu wa afya, Kilolo

Ndugu yangu, kazi uliyopewa ni kubwa kuliko walivyokuambia, nami nimefurahi imeangukia mikononi mwa mtu anayeijua. Mkoa wa Iringa ulishika namba moja ya aibu katika Utafiti wa Kitaifa wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa 2022: watoto walio chini ya miaka mitano wenye udumavu walikuwa asilimia 56.9, na Njombe, jirani yenu, asilimia 50.4, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 30. Hii ndiyo mikoa inayopakia viazi, mahindi, njegere na parachichi kwenye malori yanayoshuka Kitonga usiku na mchana. Mgeni wenu akisimama na kuwahimiza akina mama wale mboga, atakuwa anamfundisha mkulima wa mboga.

Andika kile unachokiona wewe. Unajua, kwa mfano, kwamba ule utepe wenye rangi nyekundu, njano na kijani mnaouzungusha mkononi mwa mtoto humkamata aliyekonda, lakini mtoto aliyedumaa anaweza kupita kwenye kijani, mashavu yamejaa, na mama akaondoka kliniki akiwa na furaha. Udumavu unaonekana mtoto anapolazwa kwenye ubao wa kupimia urefu, visigino vikagusa kibao cha chini, na namba ikasomwa pamoja na umri wake wa miezi. Na namba ikisomwa, unajua jibu utakalopewa: "Sisi ukoo wetu ni wafupi." Maneno hayo mgeni akiyasema kwa sauti mbele ya watu, wakacheka kwa kujitambua, atakuwa amefanya nusu ya kazi, kwa sababu mama mkwe aliyekaa mstari wa mbele hambishii mgeni rasmi kama anavyokubishia wewe uliyezaliwa kitongoji cha pili.

Kisha andika kuhusu muda, maana hapo ndipo panapouma. Mama anatoka alfajiri kwenda shamba la bondeni, mtoto wa miezi minane anaachwa na dada yake wa miaka saba na kikombe cha uji mweupe wa mahindi, na mama akirudi jua limezama. Maharage yapo ndani, yamefungwa gunia yakisubiri bei. Mayai yapo, yanakwenda barabarani Ilula. Anayeamua gunia lifunguliwe au lisifunguliwe, mara nyingi, ni baba, naye siku ya lishe huwa hayupo. Yuko kilabuni, hasa msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi. Kwa hiyo mwombeni mgeni akubali mwaliko kwa sharti moja: wenyeviti wa vitongoji waje na akina baba, la sivyo sherehe iahirishwe. Sharti kama hilo likitoka kwako litachekwa. Likitoka kwake litatekelezwa.

Jambo la mwisho la kumwekea katika hotuba ni fedha. Halmashauri zinatakiwa kutenga angalau shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe, na kuzitenga kwenye karatasi si sawa na kuzitoa. Mgeni wenu anaweza kuuliza hadharani, kwa upole, zimetoka ngapi na zimefanya nini katika kata yenu. Mkurugenzi au mwakilishi wake akiwa meza kuu, atajibu. Nchini Kenya, Margaret Kenyatta alipoanzisha kampeni ya Beyond Zero mwaka 2014 kwa ajili ya wajawazito na watoto wachanga, alikimbia mbio ndefu za London mwaka huo huo ili kuchangisha fedha, na magari ya kliniki zinazotembea yakapelekwa katika kaunti zote 47. Watu walizisifu mbio. Mimi ninachotazama ni kinachofuata: gari la kliniki linahitaji mafuta, dereva, muuguzi na dawa kila wiki, na vitu hivyo havitoki kwa mke wa Rais, vinatoka kwenye bajeti ya afya ya kaunti. Ndiyo maana nakusihi usimwombe mgeni wako mizani mpya na unga wa lishe wa siku moja. Mwombe ile elfu moja.

(Na tafadhali, soda na maji ya chupa vilivyopangwa meza kuu siku ya lishe mviondoe. Wekeni uji wa ulezi na parachichi. Nimeona siku za lishe tatu zilizofunguliwa kwa soda.)

*Mke wangu ni diwani, huku Rungwe. Tangu achaguliwe watu wananiita "mume wa mheshimiwa," na usiku wanakuja nyumbani kunieleza shida za maji, barabara na ada za watoto. Wengine huleta mkungu wa ndizi. Nimeombwa pia niseme machache kwenye mikutano yake. Nina aibu kukataa, na nina aibu kukubali.* — Mume wa diwani, Rungwe

Baba, uko kwenye nafasi ambayo lugha yetu ilichelewa kuipatia jina; kwa miaka mingi tulisema "wake wa viongozi" tukidhani tumemaliza. Tangu Machi 2021 nchi imeongozwa na Rais mwanamke, na mumewe, Mzee Hafidh Ameir, mtaalamu wa kilimo, anaonekana hadharani mara chache sana. Ukimya huo wengine huuona kama pengo. Mimi sioni hivyo: hakuna sheria inayomtaka mwenza wa kiongozi awe na kampeni, na asiye na jambo la kulisemea anafanya vyema kutolitafuta kwa nguvu.

Ila ndizi hizo zinanitia wasiwasi. Diwani ni kiongozi wa umma kwa mujibu wa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995, na katika tamko lake la mali analolipeleka Sekretarieti ya Maadili anatakiwa kueleza pia mali za mwenza wake. Shamba lako la chai, pikipiki zako, akaunti yako, vyote vinamhusu. Najua Unyakyusani mgeni haji mikono mitupu, na kumrudishia mtu mkungu wake ni kumtukana. Lakini anayeleta mkungu leo na kesho akaomba kiwanja, amekuweka mahali pabaya wewe na mkeo. Mwambieni mapema, tena mbele ya watu, kwamba shida za kata zinapokelewa bila mkungu. Anayeleta kwa ujirani ataendelea kuleta kwa ujirani, siku ambazo hana shida.

Wanaokuja usiku usiwafukuze, na usiwajibu pia. Weka daftari karibu na mlango, andika jina, kitongoji na shida, umpe mkeo asubuhi kabla hajaenda kwenye kamati. Yeye ndiye aliyechaguliwa, na ukianza kumwambia mtu "hilo nitalishughulikia," utakuwa umefungua ofisi ya pili ndani ya nyumba moja. Na kwenye mikutano yake, kaa kwenye benchi pamoja na wananchi wengine. Ukiwa na hoja kuhusu bomba la maji, nyoosha mkono na usubiri uitwe, maana nawe ni mkazi wa kata hiyo.